Dungu Lenye Magurudumu

Vijana wangu mnaobaki na Konokono, funguo mmeshapewa. Kilichobaki ni tabia zake, na hizo hazikabidhiwi mkononi, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Mie shule niliishia darasa la tano, katikati ya mwaka, kwa hiyo mkikuta maneno yamekaa vibaya mjue ni yale mwalimu aliyoyafundisha mimi nimeshaondoka.

Kwa asiyelijua, Konokono ni lori. Mbele anakaa dereva, nyuma kabisa kuna mashine ya kukoboa mpunga, na katikati kuna chumba cha mbao na bati chenye mlango ubavuni. Watu walilipa jina hilo kwa sababu linatembea na nyumba yake mgongoni, na kwa sababu ya mwendo. Tajiri wetu wa Kibiti aliliunda hivyo akijua mpunga haukomai pote siku moja. Ukimaliza Dimani unashuka Nyamisati, watu wa visiwani wanakuletea magunia kwa mitumbwi, ukitoka hapo unavuka daraja unakwenda Mbwara. Mwenye mashine akisema arudi kwake kulala, atakuta mpunga umeshatwangwa kinuni. Kwa hiyo humo nilipika, humo nilioga, humo nilioa, humo nilizeeka. Watu wengine wakistaafu wanarudi nyumbani. Mie nimestaafu ndiyo nimetoka nyumbani.

Mtaona ndani ya chumba kuna ukuta wa mbao umekikata katikati, unakula nafasi, unagonga kiwiko. Najua mtataka kuutoa. Msiutoe. Injini fanyeni mtakavyo, rangi pakeni mnayoipenda, lakini ukuta ule uacheni. Katika kazi hii nilifundishwa gia, matairi, mikanda na dizeli, vyote vilikuwa na mwalimu. Jambo moja tu lilinishinda kwa miaka yote, nalo ni kumwingiza mama mkwe wangu ndani ya nyumba yangu. Ukuta ule unahusika.

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na kanzu nyeupe. Ilikuwa Ijumaa, nikapiga hesabu nifanye kazi asubuhi, adhuhuri niunganishe msikitini. Mzee Mkumba, dereva na fundi aliyekuwepo kabla yangu, Mmatumbi wa milimani, mfupi, vidole kama mihogo, akaniangalia juu mpaka chini.

"Weye umekuja kukoboa au kukobolewa?"

"Kukoboa, mzee."

"Haya. Kasimame pale, shika mdomo wa gunia."

Pale, wanangu, ndipo bomba la pumba linapotemea. Mashine ilipowaka sikumwona tena mzee, sikuliona gunia, sikujiona. Nilipotoka nilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa kisha akarudishiwa manyoya ya mwenzake. Na msikitini nilikwenda hivyohivyo. Kila niliyekaa karibu naye alianza kujikuna, na mpaka swala inakwisha safu yetu yote ilikuwa inajikuna. Tangu siku hiyo kanzu yangu ilikaa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya ndoo, na ndoo ina kifuniko. Pumba bado ziliingia.

Mzee Mkumba hakuwa mtu wa maelezo marefu. Alichukua punje ya mpunga akaing'ata, nikasikia "ta!" Akachukua nyingine kutoka gunia jingine, akaing'ata, kimya. "Inayolia, koboa. Inayonyamaza, mwambie mwenyewe akaanike." Nikasema nimeelewa. Wiki ileile mama mmoja wa Dimani akaja na gunia, ana haraka, ana wageni, mie nikamwonea huruma sikung'ata kitu. Mchele ukatoka chenga tupu, umevunjikavunjika. Yule mama akauchota kwa kiganja, akaupuliza, nusu ukaruka.

"Kaka, mie nilikuletea mpunga. Mbona umenirudishia uji mkavu?"

Mzee Mkumba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alimtafutia yule mama mchele mzima kutoka fungu lake mwenyewe, na mie nikala ule wa chenga mwezi mzima. Ukipikwa sawasawa haunyimi raha, nautamani mpaka leo.

Jambo jingine alilonifundisha ni pumba. Wakati wote uwe na magunia mawili ya pumba chini ya kitanda. Mvua ikinyesha, udongo wa bondeni unateleza kama bamia, na lori halina kucha. Ukimwaga pumba chini ya tairi umelipa kucha. Niliyaweka magunia yale tangu siku ile na kila aliyelala ndani ya Konokono aliyalalamikia, mke wangu akiwa wa kwanza.

Mzee Mkumba alipochoka akarudi kwao kwenye mikorosho yake. Siku anaondoka alilipiga lori kofi la ubavuni kama mtu anayemuaga ng'ombe, akaniambia, "Nakuachia. Likikusumbua, lisemeshe. Likizidi, lipige. Likizidi tena, lala, asubuhi mtaelewana." Mpaka leo sijapata kitabu cha ufundi kinachozidi hicho.

Maisha ya kwenye gari yana mambo yake. Kwanza kibla. Mwenye nyumba ya udongo anauliza siku anayohamia, basi. Mie nyumba yangu inageuka kila wiki, kwa hiyo kila kijiji nikifika swali la kwanza, kabla ya "mna mpunga?", lilikuwa "kibla wapi?" Watu walinihesabu mcha Mungu kweli, kumbe nimepotea tu. Pili, kuku. Mashine ikisimama siku mbili mahali, kuku wa kijiji kizima wanahamia hapo kwa ajili ya punje. Ukiondoka lazima uhesabu waliomo ndani, maana nimewahi kufika Ikwiriri na kuku wa Nyamisati yuko chini ya kiti changu, ametaga, na ananifokea kwa nini nimeendesha vibaya. Tatu, sabuni ya kipande. Tangi la dizeli likitoboka, sugua sabuni kwenye tundu, utafika mjini. Usitumie ya mkeo bila kuomba.

Mwajuma nilimpatia Mbwara. Alileta debe mbili za mpunga wa kwao, akasimama mbali na bomba la pumba, nikajua huyu ana akili. Mashine ilikuwa inapiga chafya siku hiyo.

"Kaka," akasema, "hiyo nyumba yako ikikohoa namna hii, weye unalala saa ngapi?"

"Nalala ikipona."

"Na ikifa?"

"Nitahamia kwenu."

Akacheka. Posa ikaenda, mzee wake akakubali. Sasa kwetu huku, kabla bibi harusi hajapelekwa kwa mumewe, somo wake, yule kungwi aliyemfunda, na wanawake wa kwao wanatangulia kukitazama chumba na kutandika kitanda. Nikaona kuwapandisha kina somo ngazi ya lori ni kutafuta posa irudi. Nikapangisha chumba pale Kibiti, cha tofali, kina dari. Wakaja, wakatandika, wakapiga vigelegele. Msimu ulipoanza tukarudisha funguo tukahamia Konokono. Mwajuma hakulalamika, alisema tu kwamba dari la Kibiti lilikuwa na popo na la kwangu lina pumba, heri pumba hazilii.

Mama yake, Bi. Somoe, hakuwa ameliona lori kwa ndani. Alikuja mara ya kwanza tulipopaki Mbwara, ameleta ugali wa muhogo na samaki kwenye kikapu, na mwavuli mweusi juu ya kichwa ijapokuwa jua lenyewe lilikuwa la asubuhi. Nilikuwa nimefagia tangu alfajiri. Nikaufungua mlango wote ubao kwa ubao, nikasimama pembeni kama askari.

"Karibu ndani, mama."

Akatupa jicho ndani mara moja. Akaugeuza uso akatazama minazi ya jirani kama anaihesabu.

"Hapa hapa panatosha, baba."

Akasimama hapo chini ya mwavuli wake, akazungumza na binti yake, akaniuliza habari za wazee wangu, akaondoka. Nikajipa moyo kwamba labda ana haraka. Akaja tena mwezi uliofuata. "Karibu ndani, mama." "Hapa hapa panatosha, baba." Na tena. Na tena. Akija na mvua, anasimama na mvua. Kigoda nikimletea, anakaa nje.

Watu wakaliona. Pale Mbwara hakuna kinachofichika, mashine yangu yenyewe iliwakusanya. Wanaume wakaanza, mpunga unaingia mashineni na maneno yanatoka.

"Konokono, mkweo bado yupo nje?"

"Anapunga upepo."

"Upepo gani miaka yote hiyo? Mtu ambaye mkwe hajakanyaga kwake hana kwake. Huyo kakudharau nyumba, bwana."

Mie ni mtu wa kucheka na nilicheka, lakini usiku liliniwasha kuliko pumba. Naweza kuambiwa sina elimu, ni kweli. Naweza kuambiwa mbaya, kioo ninacho. Lakini kuambiwa sina kwangu, na mie natembea nako!

Nikaamua nitaipamba nyumba mpaka aingie mwenyewe. Nikaanza na rangi, kijani nje, samawati ndani. Akasifu rangi, akiwa nje. Nikafikiri labda ngazi ya chuma inamtisha magoti, nikatengeneza ya mbao yenye mahali pa kushika. Akaishika, akaitikisa, akasema, "Imara kweli," akabaki chini. Nikafunga sola, taa na redio. Akasikiliza taarifa ya habari kutokea nje mpaka ikaisha. Mkeka mpya, wa rangi mbili, wa ukindu. Alitazama minazi.

Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la kumaliza kazi. Nikamwona fundi wa kuchomelea wa Ikwiriri, akanitengenezea kitanda cha chuma, kipana, chenye maua ya kupinda kichwani na miguuni. Nikakifunga sakafuni kwa nati nne kubwa kisiteleze safarini. Na nikakiweka kikitazamana na mlango, ili mtu akifungua tu akione hicho kwanza. Juu nikatandika shuka jekundu na mito minne.

Bi. Somoe akaja. Nikaufungua mlango kwa mbwembwe.

Akarudi nyuma mpaka akakanyaga kuku. Mwavuli akaushusha ukafunika uso wote, nikabaki naongea na kitambaa cheusi. "Hapa hapa," akasema kitambaa, sauti ndogo. "Hapa hapa panatosha, baba." Siku hiyo hakukaa hata kidogo.

Nikamuuliza Mwajuma, ambaye siku hizo alishanizalia Shabani, anayelelewa kwa wazee wangu, mama ana nini? Akaniangalia jicho la pembeni, akasema, "Baba Shabani, mizaha mingine usiifanye kwa mama yangu." Sikuelewa mzaha upi. Nikadhani shuka.

Mwisho nikaamua kutumia hoja. Wote wa bondeni tunajua dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunachojenga shambani. Mpunga ukianza kubeba, watu wanahama vijijini wanakwenda kuishi dunguni miezi, kulinda ndege na nguruwe. Bi. Somoe alikuwa bingwa wa dungu, kombeo lake ndege walilifahamu kwa jina. Nikamwambia, "Mama, hata weye kila mwaka unahama nyumba unakwenda dunguni. Basi na mie hili langu ni dungu tu, lina magurudumu."

"Ni kweli, baba. Lakini dungu langu nalala peke yangu."

Nikaona anajisifia ujasiri. Nikamsifu.

Katika miaka hiyohiyo starta ya Konokono ikafa. Spea ikatafutwa Kibiti, ikatafutwa Dar, iliyopatikana ikawa ya lori jingine, ikafungwa, ikatoa moshi, ikafa na yenyewe. Tajiri akasema tuvumilie kidogo. Nawaachieni Konokono tukiwa bado ndani ya hicho kidogo. Dawa yake mtaizoea. Kila unapopaki, paki mteremkoni, pua chini. Asubuhi unaachia breki, linateremka, unaweka gia ya pili, unaachia klachi ghafla, linakohoa, linawaka. Kulala mteremkoni kuna faida zake, mke wangu alikuwa akiniporomokea usingizini kila usiku na sijawahi kulalamika. Nikawa bingwa wa kunusa miteremko. Nikiingia kijiji nageuza macho kama mnunuzi wa kiwanja. Nilijisifu sana kwa hilo, na ndilo lililotaka kutuzamisha.

Ilikuwa masika, mpunga shambani bado unalindwa, na sisi tumepaki juu kidogo ya bonde tukiwakobolea watu wa madunguni mpunga wa akiba. Pua ya Konokono ilitazama bondeni, ndiko kulikokuwa na mteremko. Nyuma yetu njia ilipanda kidogo, ikawa tambarare, kisha ikavuka kijito kabla ya kufika lami. Mvua zilikuwa zimepiga bara siku nyingi. Asubuhi moja tumetoka kunywa chai, Mwajuma akasimama na kikombe mkononi, akasema, "Baba Shabani, lile bonde limekuwa jeupe."

Yalikuwa maji. Mto ulikuwa umefurika, umetoka kingoni. Hayakuja kwa kelele, yalikuja yakitambaa katikati ya mipunga, na watu wa madunguni wakaja mbele yake, watoto mgongoni, vyungu kichwani, kuku kwapani. Hakuna aliyeuliza nauli wala nafasi. Mama wawili wenye vichanga na bibi kizee mmoja nikawapandisha mbele kwa dereva. Wengine wakajaza nyuma kwenye mashine, wamekaa juu ya magunia, wameshika mkanda. Mtu akatoka kukagua nyuma akarudi anakimbia, kijito kinajaa, tusipovuka sasa tutabaki kisiwani.

Bi. Somoe alifika wa mwisho. Alikuwa amesubiri kumfungulia mbuzi wa jirani. Mwavuli juu, kanga imelowa mpaka magotini, anatembea kama mtu anayetoka sokoni.

Mbele pamejaa. Na hata pasingejaa, akae bega kwa bega na mkwewe wa kiume? Nyuma pamejaa. Kimebaki chumba. Nikafungua mlango.

"Mama, karibu ndani."

Akatazama minazi. Minazi yenyewe ilikuwa imesimama ndani ya maji.

"Nitatembea, baba."

"Utatembea wapi, mama? Kijito kinajaa!"

"Nitatembea hivyohivyo. Nyie tangulieni."

Maji yakafika kwenye tairi za mbele. Nyuma watu wakaanza kupiga kelele, "Mpandishe! Mbebe!" Nani ambebe, mie? Nikapata wazimu. Nikasema kwa sauti mambo niliyoyaficha miaka yote, kwamba rangi nimepaka, ngazi nimechonga, sola nimefunga, kitanda nimenunua cha maua, sasa nyumba yangu ina uchafu gani mpaka mtu aone heri afe maji?

Bi. Somoe akaficha uso. Na Mwajuma, mke wangu mpole, akanishika kola mbele ya watu.

"Kitanda, baba Shabani! Kitanda!"

"Kitanda kina nini?"

"Ukifungua mlango kinaonekana kitanda! Chetu, mie na weye! Mama ataingiaje chumba anacholala mkwewe, kitanda kinamkodolea macho? Hakuna ukumbi, hakuna pazia, hakuna hata kanga ya kuning'iniza!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikajua unajua! Nani asiyejua? Nikasema ndiyo mizaha yako, mtu anamkaribisha mkwewe kitandani kila mwezi, kisha ananunua kikubwa zaidi!"

Nyuma, watu waliokuwa wanalia kwa hofu wakaangua kicheko. Yule bibi kizee wa mbele akatoa kichwa dirishani: "Masikini, kumbe hakujua!" Ikasambaa mpaka juu ya mashine: hakujua, jamani, hakujua.

Nikachukua spana. Nati ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikatoka. Ya nne ilikuwa na kutu, nikaipiga nyundo, nikaisemesha, nikaipiga tena. Ikakatika. Nikakisukuma kitanda mlangoni pamoja na godoro, mito minne na shuka jekundu, kikaporomoka mteremko mpaka majini. Chuma kikazama, godoro likaelea. Likageuka taratibu, shuka limetanda juu yake, likaondoka zake kuelekea baharini kama bwana mkubwa anayekwenda likizo.

Chumba kikabaki kitupu, mkeka wa ukindu, redio, na magunia mawili ya pumba.

Nikashuka, nikatazama pembeni kwa heshima, nikasema, "Mama. Ukumbi huu hapa. Karibu."

Bi. Somoe akafunga mwavuli. Katika miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuuona umefungwa. Akashika ngazi yangu ya mbao, akasema, "Bismillahi," akapanda, akaingia. Mwajuma akamfuata, mlango ukafungwa. Watu wa nyuma wakapiga vigelegele kama harusini.

Nilitaka kufurahi, lakini nikakumbuka starta. Konokono haliwaki bila kuteremka, na mteremko uliopo ni mmoja tu, wa kuingia majini. Nikakaa kwenye kiti changu baina ya vichanga. Bibi kizee akaniuliza, "Mbona tunatazama kulekule?" Nikamwambia, "Bibi, fumba macho, nitakuambia." Nikaachia breki.

Likateremka. Maji yakapasuka mbele. Nikaachia klachi, likakohoa, likanyamaza. Nikabonyeza tena, tairi zimeshazama nusu, nikaachia. Likakohoa. Nikalisemesha. Sitaandika nilicholiambia. Likapiga chafya moja ya moshi mweusi, likanguruma, na mie nikalitia rivasi kabla halijabadili mawazo.

Tukapanda kinyumenyume, watu wa nyuma ndio wamekuwa wa mbele, wananielekeza wote kwa pamoja, "Kushoto! Kulia! Simama! Usisimame!" Katikati ya mlima tairi za nyuma zikaanza kuzunguka bure, linarudi majini taratibu. Nikapiga kelele, "Pumba! Pumba za chumbani!"

Mlango wa ubavuni ukafunguka na gunia likatupwa nje, na la pili. Vijana wakaruka wakayapasua chini ya tairi. Konokono likapata kucha. Likashika, likapanda, likafika tambarare, nikaligeuza, tukakivuka kijito maji yakiwa kwenye ekseli, tukatokea lami. Baadaye niliambiwa aliyeyatupa magunia yale ni Bi. Somoe kwa mikono yake, Mwajuma alikuwa anatafuta pa kushika.

Tulipaki kwenye uwanja wa shule, mlimani, pamoja na watu wengine wengi waliotoka bondeni. Hakuna aliyepungua. Mvua haikukatika kwa wiki kadhaa, na chumba kile walilala wanawake na watoto, wakining'iniza kanga katikati. Kanga hiyo ndiyo ikaja kuwa ukuta wa mbao mnaoukuta leo, na kitanda kiko nyuma yake, kidogo, hakina maua. Mie nililala chini ya lori juu ya gunia tupu, nikisikia juu yangu sakafu ya nyumba yangu ikilia nyayo za mama mkwe, anakwenda huku, anarudi kule, anafagia. Sijawahi kulala vizuri namna ile.

Asubuhi moja mvua imekaza, nikataka shati kavu. Nikatoka chini ya gari, nikasimama mbele ya ngazi yangu, kwenye mlango wangu, nikasema, "Hodi."

Nikasikia mtu anajitanda kanga vizuri.

"Karibu, baba," akaitikia Bi. Somoe kutoka ndani. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono, shati langu likatoka, limekunjwa. Nikaweka mguu kwenye ngazi.

"Hapo hapo panatosha, baba," akasema. "Shika mwavuli."